Walinipa Kiti, Mimi Nilitaka Kazi

Agosti 2022, kwenye mafunzo ya makarani wa sensa huku Lushoto, karibu kila aliyepita mbele yangu aliniamkia. Shikamoo mama, shikamoo mwalimu. Niliitikia zote kwa moyo, maana adabu hiyo nimeifundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilikuwa na umri wa miaka 57. Walioniamkia wengi walikuwa wahitimu wa vyuo wasio na ajira, wa rika la kitindamimba wangu. Sote tulikuwa tunajifunza jambo moja: kuhesabu watu kwa kishikwambi badala ya karatasi.

Siku ya kwanza niliinuliwa kwenye benchi la nyuma nikapewa kiti cha plastiki karibu na dirisha linaloingiza jua, kwa kuwa Agosti huku milimani ni baridi kwelikweli. Nikashukuru. Siku iliyofuata chai ililetwa nilipokaa, wenzangu wakiwa kwenye foleni. Nikashukuru tena. Tulipofika kwenye zoezi la kujaza dodoso, binti aliyekaa kulia kwangu akakipokea kishikwambi changu kwa upole. "Lete mama, nikujazie." Akaijaza kaya nzima ya mfano, akanirudishia ikiwa imekamilika kwa jina langu. Mimi sikuwa nimegusa hata herufi moja.

Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi. Yule binti hakuwa na nia nyingine ila kunipunguzia mzigo, na mpaka leo namwombea heri. Lakini mtu akikupokea jembe kila unapoliinua, shamba litalimwa lote na wewe utabaki mgeni wa shamba hilo. Kazi hii niliiomba nikiijua. Mwaka 1988, nikiwa mwalimu mpya, nilikuwa karani katika sensa ya mwaka ule. Tulibeba madodoso ya karatasi mikobani, ukungu ukishuka tunayafunika kwanza yenyewe ndipo tunajifunika sisi. Nchi ilikuwa na watu milioni 23. Nilitamani kuhesabu tena kabla sijastaafu, na nilitaka kuhesabu kwa mkono wangu.

Darasani kulikuwa na kijana mmoja mwenye shahada ya ugavi, aliyekuwa akijipatia riziki kwa bodaboda kati ya Lushoto na Soni. Huyu alinielewa bila kuambiwa, au pengine ndivyo alivyo kwa kila mtu. Nilipomuuliza namna ya kuisogeza ramani ili nione mpaka wa eneo la kuhesabia, alinionyesha kwenye kishikwambi chake, kisha akaifunga mikono yake mgongoni.

"Sasa wewe, mwalimu. Bonyeza hapo. Sio hapo, chini yake."

Nikabonyeza. Ramani ikahama, nikairudisha, nikaihamisha tena kwa makusudi ili nijue njia. Siku hiyo tulibaki hadi mlinzi alipokuja kufunga milango. Nilikipenda kile kifaa. Karatasi humvumilia karani aliyechoka akaruka swali, lakini kishikwambi hakivumilii. Ukiandika mtoto mkubwa kuliko mama yake, kinakataa, na huendi mbele mpaka uulize upya. Mwalimu hawezi kuchukia kitu cha namna hiyo.

Kisha ikaja siku ya kugawana maeneo. Msimamizi wetu, naye kijana, alinipangia nyumba zilizo kando ya lami, zimekaribiana. Kule juu kwenye miteremko, ambako kutoka kaya hadi kaya unaweza kuvuka korongo, akawapangia wengine. "Mama, wewe tumekutafutia pazuri," akasema, na alisema kwa upendo. Nikasimama. Nilimwambia, "Mwanangu, kiapo nilichokula ndicho ulichokula wewe. Milima hii nimeipanda tangu hujazaliwa na bado naipanda kila Jumapili nikienda shamba. Nipangie kama unavyowapangia hawa." Darasa likawa kimya, na nilijua kimya kile kilikuwa cha nini, kwani si desturi mtu mzima kukataa alichotunziwa. Yule wa bodaboda akasema kwamba eneo linalopakana na lake linafaa mtu anayezijua njia za mkato. Msimamizi akatafakari, akalifuta jina langu pale barabarani, akaliandika juu.

Usiku wa kuamkia Jumanne ya tarehe 23 sikulala vizuri kwa furaha. Serikali ilikuwa imetangaza siku ya mapumziko, watu wakabaki majumbani wakitungoja. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupanda, kubisha hodi, kuuliza nani alilala hapa usiku ule, na kushuka. Magoti yaliuma. Ya vijana pia yaliuma, walikuwa wakisema jioni.

Ninalolikumbuka kuliko yote lilitokea zoezi likielekea ukingoni. Simu ikaita, ni jirani yangu wa eneo. "Mwalimu, vuka korongo uje. Nina bibi hapa, mwaka wake wa kuzaliwa haujulikani, na mimi na wewe hatutafikiri kitu kimoja. Nataka nisikie."

Kiapo bado kinanifunga, kwa hiyo kitongoji, nyumba na umri tulioandika nabaki nao. Bibi alikuwa kwenye mkeka uani, anapukuchua mahindi, mchangamfu. Karani hufundishwa kwamba mtu asiyejua mwaka wake aulizwe matukio makubwa. Nikamuuliza kuhusu matuta. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu wa Usambara kuinua matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Wakulima waliichukia kazi ile, wakaipinga, na kabla ya Uhuru mpango ukaachwa. Marehemu mama yangu alikuwa akiwataja wanawake wa rika lake kwa matuta: huyu aliyalima akiwa msichana, yule akiwa na mtoto mgongoni. Bibi naye akajibu mara moja alikuwa nani wakati ule. Nikapiga hesabu, nikataja umri.

"Hapana, mwalimu," kijana akasema. "Hapo sikubali. Matuta yalichukua miaka kadhaa. Utajuaje yeye aliyakuta mwanzoni au mwishoni? Mimi nimeona kitambulisho cha mtoto wake wa kwanza, kina tarehe. Nahesabu kuanzia hapo."

"Na hiyo tarehe ya kitambulisho nani aliijua? Mwenyewe alizaliwa nyumbani. Aliyemwandikisha alikadiria kama tunavyokadiria sisi."

"Basi makadirio mawili. Kwa nini yako yashinde?"

Tulikuwa tumetofautiana miaka miwili. Hakuongeza samahani mama, hakupunguza sauti, hakunitazama kana kwamba nitavunjika. Alinibishia kama anavyombishia mwenzake, na mimi nikambishia vilevile, nikajisikia nimeingia kazini rasmi. Bibi alikuwa ameacha mahindi, anatufuatilia kwa macho, halafu akauliza kwa Kisambaa kama sisi ni mama na mwana. "Tunafanya kazi pamoja," kijana akajibu. Tukamuuliza bibi jambo moja zaidi, siku ya bendera ya Uhuru mwaka 1961 alikuwa na watoto wangapi na nani alikuwa ananyonya. Jibu lake likatuleta kwenye mwaka ambao haukuwa wangu wala wa kijana. Akauandika, kishikwambi kikaupokea.

Vishikwambi vile baadaye serikali iliwagawia walimu. Changu kilipofika shuleni, nilikiwasha mwenyewe na kuwaelekeza wenzangu.

Tarehe 31 Oktoba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza matokeo Dodoma: watu 61,741,120. Nilikuwa nimekaa na redio na daftari, nikaiandika ile idadi kwa tarakimu, kisha kwa maneno. Ujumbe ukaingia kutoka kwa yule kijana: "Mwalimu, katika hao wote, mmoja bado tumemzidishia mwaka." Nikampigia palepale nikamwambia tumempunguzia, na tukabishana mpaka salio langu likaisha, akapiga yeye.