Uji wa mkonge umegoma kumwagika

Leo saa nne usiku nimepindua kikombe juu ya sinki, nikahesabu hadi sitini, na uji haukudondoka. Singa (nyuzi za mkonge) asilimia moja tu, zilizobaki ni maji, na bado umeng'ang'ania kikombe kama mtindi mzito. Nimekaa sakafuni nikauangalia. Miezi minne yote nilikuwa napata togwa: maji juu, mashapo chini.

Mnaokumbuka, lengo ni kutoa selulosi nano, yaani vinyuzi vidogo mno vinavyojenga singa, kwenye mkonge bila asidi ya salfuriki. Mapishi maarufu yanataka asidi ya asilimia 64, kali kuliko ile ya betri ya gari. Yanafanya kazi, sikatai. Lakini huachia ndoo kwa ndoo za maji ya asidi, na hapa Chumbageni, Tanga, maji hayo yana njia moja tu: mfereji, halafu bahari. Nikasema nitatumia blenda na uvumilivu.

Singa hazikutaka kufunguka. Nilinunua nzuri kabisa, zilizoanikwa juani na kupigwa brashi, nyeupe kama pamba. Nikazichemsha na kostiki soda, nikazing'arisha, nikazisaga nusu saa huku nikiipumzisha mota. Kwenye lenzi ya simu zilionekana kama kamba iliyofumuka ncha tu, katikati ngumu vilevile. Asubuhi mashapo ya vidole viwili. Nikaongeza kostiki, yakazidi. Nikaongeza muda wa kusaga, blenda ikatoa moshi. Wiki nzima nikavilaumu visu, nikabadilisha visu, mashapo yakabaki palepale. Kuna usiku nilimwaga kila kitu na kuapa kurudi kwenye redio zangu.

Hela ya singa nzuri ilipoisha nikapanda daladala hadi shamba moja upande wa Muheza, nikaomba singa fupi zinazotoka na maji machafu ya korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge. Walinijazia kiroba bure. Jani la mkonge hutoa singa kama asilimia 4 tu ya uzito wake, na tangu Mjerumani Richard Hindorf auingize mkonge pwani hii mwaka 1893 sehemu kubwa ya jani imekuwa ikiishia kwenye lundo la makapi. (Vaeni glavu, utomvu wake unawasha mpaka viwiko.) Nilitaka kuzianika kwanza nipate uzito mkavu. Masika ikanyesha siku tatu mfululizo, kiroba kikaanza kunuka, nikazitia sufuriani mbichi hivyohivyo.

Zikafunguka!

Kumbe adui alikuwa jua. Ndani ya kila singa kuna vinyuzi vyembamba vya nanomita chache (nanomita ni milimita moja ikigawanywa mara milioni), na maji ndiyo yanayovitenganisha. Maji yakitoka mara ya kwanza vinashikana, na ukiviloweka tena havirudi vyote. Ni kama ugali uliokaukia sufuriani: utauloweka, utalainika, lakini uji hautakuwa tena. Nilikuwa nanunua singa ambazo mlango wake umeshafungwa, halafu nalaumu blenda.

Kosa la pili lilikuwa kostiki. Hemiselulosi, ndugu laini wa selulosi, hukaa katikati ya vinyuzi na kuvizuia visigandamane, nami nilikuwa naiosha yote nikidhani nasafisha. Sasa natumia asilimia mbili, saa moja, moto wa taratibu. Rangi inabaki ya maziwa ya chai, na hainisumbui.

Kung'arisha ni haidrojeni peroksaidi tu. Jiki haitaingia kwenye mradi huu, kwa sababu klorini ikikutana na lignini, gundi ya asili ya mmea, huzaa michanganyiko ambayo mazingira huchukua muda mrefu kuivunja. Peroksaidi huishia kuwa maji na oksijeni. Usiikorogee kijiko chenye kutu lakini: chuma huivunja ikatoka mapovu na nguvu ikaisha kabla ya kazi.

Kuhusu visu nina msimamo. Visu vikali hukata singa zikawa fupi. Visu butu huzifumua. Nimevipiga tupa visu vyangu na sitarudi nyuma. Ningepata mawe mawili ya mashine ya kusaga, yale ya zamani, ningeachana na blenda kabisa.

Kinachonifurahisha kuliko hata kikombe ni hiki. Tangu mwanzo nilijiwekea sharti kwamba hakuna unga mkavu wa nano ndani ya nyumba hii, maana nina mtoto. Asbesto ilishatufundisha uzi mwembamba, mrefu, usiooza hufanya nini mapafuni, na majaribio ya mwaka 2008 kwa panya yalionyesha nyuzi ndefu za kaboni nano zikileta madhara yanayofanana na ya asbesto. Selulosi si asbesto, lakini mapafu yetu hayana kimeng'enya cha kuivunja. Kwa hiyo kila kitu kibaki majimaji hadi mwisho. Sharti hilo la usalama nililiona mzigo, na sasa ndilo lililofanya uji ugande. Ningeliheshimu tangu kwenye kununua singa, ningeokoa miezi mitatu na blenda moja.

Hatua inayofuata ilikuwa kumwaga uji juu ya kioo ukauke kuwa karatasi. Hapo kule kushikana kulikonitesa ndiko kunakuwa gundi, bila kuongeza kitu. Nimeiahirisha. Kwenye daladala ya kurudi nilinunua machungwa ya Muheza, na dirishani hapa yanasinyaa ndani ya siku chache. Utando mwembamba wa uji huu unaweza kupunguza maji yanayotoka kwenye ganda. Matano nimeyachovya kwenye uji, matano kwenye maji matupu, matano sijayagusa. Yote yameandikwa namba kwa kalamu na kupimwa kwenye mizani ya sonara niliyoazima hadi Ijumaa. Namba saba, mojawapo ya yale ya uji, ni gramu 183.4, na utando wake bado unateleza.