Mvua ya Idi Pale Chanzo cha Nile

Nahodha alipunguza mashine, akaangalia upande wa ziwani, kisha akageuza mashua. Hakuuliza mtu.

Ilikuwa Idi mosi, saa nane mchana. Sisi wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, Uganda, Idi bila kushuka mtoni huwa haijatimia, na binti yangu wa miaka sita alikuwa ameniganda tangu Ramadhani ianze: nimpeleke akaone Ziwa Victoria linapogeuka kuwa Nile. Mama yangu akajitwika hotipoti la pilau, soda ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, tukaenda. Asubuhi tuliswali uwanjani jua likiwaka, wingu hata la kusingizia hakuna.

Mashuani mama alikuwa anamsimulia mjukuu wake kwamba hapo Jinja palikuwa na maporomoko, yakafunikwa na maji baada ya kujengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Akamwambia maji haya huchukua kama miezi mitatu kufika baharini kule Misri.

"Jaja," binti akamuuliza bibi yake, "yanalala wapi njiani?"

Mama bado anatafuta jibu, wakapita mnandi, wale ndege wa majini, kundi zima, wakiruka chini chini kukimbilia vichakani. Nilipogeuka nikaona mstari mweusi juu ya maji, na nyuma yake hakionekani kitu. Upepo ukaja wa baridi, turubai la mashua likaanza kupiga makofi.

Kijana mmoja aliyekaa mbele akalalamika kwamba yeye amelipa afikishwe kwenye chemchemi yenyewe. Nahodha akamjibu kwa upole kabisa, "Utafika siku nyingine, kaka." Halafu kwa mama: "Hajati, mshike mtoto."

Mtu huyu nilikuwa nimeshamwamini kabla hatujang'oa nanga. Binti yangu alikuwa amevishwa jaketi la kuokolea maisha la mtu mzima, linamfika magotini. Nahodha akamvua, akaingia bandani, akarudi na dogo. Akafunga vishikizo vyote, akapitisha mkanda katikati ya miguu, kisha akashika jaketi mabegani na kulivuta juu aone kama mtoto ataponyoka. Hakuponyoka. Ndipo akamruhusu apande.

Sisi tunaoishi kando ya ziwa hili tunajua linavyobadilika. Mchana nchi kavu ikipata joto, upepo huvuma kutoka majini ukibeba unyevu, na radi hazikawii. Novemba 2018 mashua ya starehe iliyojaza watu kupita kiasi ilizama upande wa Mukono, wakafa zaidi ya watu 30. Kwa hiyo nahodha anayegeuza mashua huku abiria wananung'unika, mimi namheshimu kuliko anayetufikisha.

Tulipogusa ukingo mvua ikashuka, na mawe ndani yake. Tukajibana chini ya banda la mabati, watu hatujuani, kelele juu ya vichwa hadi hatusikilizani. Binti yangu alilia kidogo radi ilipopiga, kisha akavua viatu vyake vipya vya Idi, akavitia kwenye kavera na kuifunga fundo mwenyewe. Mama akafungua hotipoti. Yule kijana wa mbele alikuwa analowa pembeni. Mama akamwita, "Njoo ule, mwanangu," akaja, akala na sisi kwa mkono, akambebea mtoto kikombe cha soda.

Mvua ilipopungua nikamfuata nahodha nimlipe ile nusu safari. Akakataa, akasema turudi asubuhi moja, mapema, jua kabla halijakolea. Tutarudi shule zikifungwa. Jaketi la saizi ya mtoto nimeshaanza kuliulizia sokoni, maana sitaki kutegemea bahati ya lililobaki bandani, na bibi yake ameapa atachangia.