Su-35 Juu ya Le Bourget

Mwezi Juni 2013 nilikuwa katika umati uliojaa kwenye uwanja wa ndege wa Le Bourget, kaskazini mwa Paris, wakati rubani wa majaribio Sergey Bogdan alipoirusha ndege ya kivita ya Urusi, Su-35, mbele ya watazamaji wa maonyesho ya ndege. Ndege ilipanda karibu wima, ikapunguza mwendo hadi ikaonekana kana kwamba imetundikwa hewani, kisha ikazunguka kibapa, pua yake ikitazama upande mmoja ilhali mwili mzima unaelekea upande mwingine. Watu waliokuwa mbele yetu walishangilia nguvu za injini. Mwenzangu, mhandisi mstaafu wa vyombo vya anga, alitikisa kichwa.

Alisema injini ni jambo la pili, na la kwanza ni kwamba ndege ile imeundwa isitulie. Ndege ya abiria hutengenezwa ili pua yake ikisukumwa kidogo na upepo irudi yenyewe mahali pake, na tabia hiyo, iliyo njema kwa msafiri, ni pingamizi kwa rubani wa kivita, kwa kuwa kila anapotaka kugeuka ghafla hulazimika kwanza kushindana na chombo kinachotaka kunyooka. Tangu F-16, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, wabunifu walianza kukisogeza nyuma kwa makusudi kitovu cha uzito, hata ndege ikawa tayari kupinduka wakati wowote. Kompyuta ndizo huizuia, zikirekebisha mkia na kingo za mabawa mara nyingi katika kila sekunde, kama mtu anayesimamisha fimbo wima juu ya kiganja. Usukani wa rubani hupeleka ombi tu. Kompyuta ndizo huamua kila kiungo cha ndege kisogee kiasi gani ili ombi hilo litimie. Ipo faida nyingine, ambayo kwa maoni yangu haitajwi vya kutosha: katika ndege tulivu mkia husukuma chini ili kuweka mizani na hivyo hula sehemu ya kazi ya mabawa, ilhali katika ndege ya namna hii mkia nao unaweza kusaidia kuinua.

Su-35 ilipopita chini ikipinda kwa kasi, ukungu mweupe ulifumka juu ya mabawa yake, na mwenzangu akanitaka niutazame huo badala ya moto wa nyuma. Bawa la kawaida likiinuliwa kupita takribani nyuzi 15 dhidi ya hewa inayolijia, hewa hubanduka juu yake na ndege huanza kuanguka. Ndege hii ina kingo zinazotoka shinani mwa mabawa kuelekea mbele, kandokando ya chumba cha rubani, na pua inapoinuka ghafla kingo hizo huzalisha visulisuli viwili vyenye nguvu vinavyopita juu ya mabawa. Ndani ya visulisuli hivyo shinikizo la hewa ni dogo sana, ndiyo maana ukungu ule ulitokea, na ndege huendelea kubebwa katika pembe ambazo bawa peke yake lingekwisha kushindwa.

Ndipo akakubali kuzungumzia injini. Mbili kwa pamoja hutoa msukumo wa tani 29 hivi, zaidi ya uzito wa ndege ikiwa na mafuta ya maonyesho tu, na midomo yake ya kutolea moto hugeuka ili kuelekeza msukumo, jambo linalomwezesha rubani kuigeuza pua hata mwendo unapokuwa mdogo kiasi cha mkia kukosa hewa ya kushika. Hata hivyo, alinikumbusha kwamba mwaka 1989, papo hapo Le Bourget, rubani wa majaribio wa Kisovieti, Viktor Pugachev, aliinua pua ya Su-27, mtangulizi wa Su-35, hadi ikaelekea nyuma kupita wima, kisha akairudisha, na injini za ndege ile hazikuwa na midomo inayogeuka.

Rafale ya Ufaransa nayo ilionyeshwa, na mwenzangu aliipenda zaidi. Nilikubaliana naye, kwani ndege iliyosimama hewani imeshatumia kasi yake yote na ni shabaha rahisi, lakini Rafale ilipinda mduara mwembamba bila kupoteza mwendo, na hiyo ndiyo kazi ngumu. Katika mpindo wa g 9, yaani uzito mara tisa ya kawaida, alinieleza, kichwa na kofia vyenye kilo 6 huwa kama kilo 54 juu ya shingo, na damu hukimbilia miguuni, ndiyo maana rubani huvaa vazi lenye mifuko ya hewa inayombana mapaja na tumbo. Wabunifu wangeweza kutengeneza chombo kinachostahimili zaidi ya hapo, lakini mwili wa aliyeketi ndani hauwezi, kwa hiyo rubani akivuta usukani hadi mwisho wake, kwa kawaida kompyuta humpa g 9 na kuishia hapo.