Kabla na baada ya mkutano wa kwanza wa kuacha pombe

Kama unakunywa kila siku na asubuhi mikono inatetemeka, muone daktari kwanza. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege ndani ya siku 2 za mwanzo, na kikundi hakina tiba ya hilo.

Alcoholics Anonymous, vikundi vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, walioanza Marekani mwaka 1935, wana mikutano ya aina mbili: ya wazi, ambayo hata ndugu anaweza kukusindikiza, na ya faragha, ya wenye nia ya kuacha pombe tu. Piga simu kabla ya kutoka. Ratiba huchelewa kusahihishwa, na mtu akikuta mlango umefungwa anaweza asirudi tena.

Fika dakika 10 mapema. Jina la kwanza linatosha. Ukiombwa kuzungumza, sema "leo nasikiliza". Ada hakuna, na mchango ukipitishwa mgeni halazimiki kutoa. Ila tafadhali, usikimbilie mlangoni mkutano ukiisha! Wakati huo ndio watu hupeana namba za simu, na usiku kiu ikikubana utahitaji wa kumpigia kabla hujagusa glasi. Kikundi kimoja kisipokufaa, jaribu vingine hata 5 au 6, havifanani.