Ami na jahazi la Narnia

Kitabu chenyewe ni The Voyage of the Dawn Treader cha C. S. Lewis, kilichotoka mwaka 1952. Binti yangu alikiazima maktaba hapa Bristol, nami nikawa msomaji wake wa usiku. Watoto watatu wanamezwa na picha ya jahazi iliyotundikwa ukutani, wanatumbukia baharini, kisha wanaopolewa na Caspian, mfalme kijana wa Narnia, nchi ya kubuni, aliyetweka kwenda mashariki kuwatafuta waungwana saba waliopotea. Yumo panya mwenye upanga na maneno mengi, na yumo mtoto anayegeuka joka.

Kila sura niliyoimaliza nilimhadithia ami yangu Lamu kwa ujumbe wa sauti. Ami ni nahodha mstaafu wa Matondoni. Majoka hayamshughulishi, anachotaka ni chombo. Nilipomwambia kina mlingoti mmoja, tanga moja la mraba rangi ya zambarau, na omo, yaani mbele ya chombo, iliyochongwa kichwa cha joka, alicheka sana. "Mwanangu, huo si mtepe?" Alikuwa na hoja. Mitepe ya kwetu ilishonwa kwa kamba za makumbi, ilitweka tanga la mraba la mkeka, na omo yake wazee husema iliigiza shingo ya ngamia wa Mtume. Aliyewahi kuingia makumbusho ya Lamu, pale mbele ya bahari, ameuona mfano wake.

Sura iliyomkamata Ami ni ya kiu. Dhoruba imevunja mlingoti na mapipa ya maji yameharibika, kila mtu anapimiwa nusu painti kwa siku, yaani kama mililita 280 hivi, na jua linawaka. Eustace, yule mtoto mwenye kudeka, anaamka usiku kwenda kuiba maji, panya anamkamata. Ujanja wa mwandishi ni kwamba mkasa huu tunausoma katika shajara ya mwizi mwenyewe, akijitetea kuwa ana homa na kwamba wenzake hawana utu. Binti yangu alimwonea huruma. Ami alijibu kwa sekunde chache tu: "Homa gani? Mwenye kuiba maji chomboni hufunguliwa bandari ya kwanza, ashuke na mzigo wake."

Halafu mwishoni, karibu na ukingo wa dunia, panya anajitosa baharini na kupiga kelele kwamba maji ni matamu. Bahari nzima inanyweka! Binti yangu, mtoto wa maji ya bomba, aliipita kurasa hiyo akiuliza joka litarudi lini. Mimi nilisimama hapo. Lamu maji ya kunywa yanatoka chini ya michanga ya Shela, na visima vya mjini vingi vina munyu. Hata Fumo Liyongo alikufa amepiga goti kisimani, upinde umevutwa, na watu wakashindwa kuteka maji kwa kumwogopa, wakidhani yu hai. Kwangu mimi uchawi mkubwa wa kitabu hiki ni bahari ile, na joka naona ni la kawaida mno.

Sikukipenda chote. Visiwani wanatokea wafanyabiashara wa Calormen, nchi nyingine ya kubuni, wanaonunua watumwa: weusi wa uso, ndevu ndefu, kanzu pana na vilemba. Lewis anawaita wenye hekima, matajiri, wastaarabu na wakatili. Mtoto wangu ameziona picha za babu zake na vilemba vyao siku ya Maulidi, kwa hiyo nilifunga kitabu tukazungumza kidogo kabla ya kuendelea.

Sasa tumeanza kinachofuata, cha mwaka 1953, ambacho safari yake kubwa ni ya miguu. Nilipomweleza Ami, alinyamaza kidogo akasema kama hamna chombo, basi nimsomee habari za Arsenal.