Kumbukumbu ya mradi: Mji Mkongwe kwenye stempu, ukurasa wa Malindi umekamilika

Ukurasa wa Msikiti wa Mnara, ule wa mtaa wa Malindi hapa Unguja, umekamilika. Ndio niliokuwa nikiupania tangu mradi uanze. Kwa wanaofuatilia sasa hivi: nakusanya stempu zenye majengo ya kale ya pwani yetu, na albamu naipanga kwa majengo, si kwa miaka wala watawala. Kila jengo lina ukurasa wake, stempu zake zote, na maelezo ya hali yake leo.

Msingi wangu ni toleo la Zanzibar la 1957. Kampuni ya Bradbury Wilkinson ililichapa kwa bamba la kuchongwa, na kazi yake mpaka leo inanipendeza kuliko stempu nyingi za rangi zilizofuata. Weka moja chini ya lenzi: hakuna vidoa vya rangi kama vya picha ya gazeti, kuna mistari tu, myembamba kama unywele, ikibanana penye kivuli na kuachana penye jua. Mnara wa Malindi unafaa sana kuchorwa hivyo. Ni mnene chini, unapungua kadiri unavyopanda, na mwili wake una mapambo ya mistari ya pembepembe. Minara ya umbo hilo ni michache pwani nzima. Mmoja uko Shela, kisiwani Lamu, kwenye msikiti wa 1829.

Sasa ukurasa wenyewe. Juu kuna stempu ya 1957 yenye sura ya Sultan Khalifa bin Harub. Inafuata ya 1961: picha ya msikiti ni ile ile, sura imekuwa ya mwanawe, Abdulla bin Khalifa. Ya tatu ndiyo iliyonisumbua kuipata. Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, stempu zilizokuwapo posta ziligongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, kabla ya zile zilizopigwa chapa kiwandani kufika. Kwa kuwa ni kazi ya mkono, maandishi hayakai sawa: nyingine yamepanda, nyingine wino umekolea upande mmoja. Yangu imetumika, na nilipoikagua nilitazama kwanza muhuri wa posta. Lazima uwe juu ya neno JAMHURI, usiwe chini yake, na tarehe isitangulie Mapinduzi. Imepita yote mawili. Tawala zimepishana ndani ya miaka saba, na msikiti haukusogea. Kwa hilo tu naona nilifanya vyema kupanga kwa majengo.

Ukurasa wa msikiti wa Dimbani, Kizimkazi, una stempu mbili tu, ila maelezo ni marefu. Maandishi ya Kikufi, yaani hati ya kale ya Kiarabu, ya kibla yake yana mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Kasri la Kibweni nimelimaliza haraka.

Beit al-Ajaib nimeliachia nafasi kubwa. Jumba la Sayyid Barghash la 1883, sehemu yake ikaanguka Desemba 25, 2020, na watu wakafa humo. Tangu siku ile nimeacha kuziona stempu hizi kama mapambo. Naandika chini ya kila picha kilichosimama na kisichosimama: mlango, baraza, paa, tarehe niliyopita kutazama. Hati ya UNESCO ya mwaka 2000, ya urithi wa dunia, inaupa Mji Mkongwe heshima, lakini chokaa na boriti zinahitaji fundi.

Neno kwa wanaoanza: bahasha ya zamani yenye anwani na mihuri inayosomeka msiiroweke ili kubandua stempu. Iacheni nzima. Vipande vya bahasha vya kawaida, maji ya uvuguvugu yanatosha. Stempu ikijiachia yenyewe, itolewe kwa kibano na kulazwa kifudifudi kwenye karatasi safi.

Ninayoandaa sasa ni Lamu, na humo nitaanza na muhuri kabla ya jengo. Wajerumani walikuwa na posta yao pale kati ya 1888 na 1891, wakitumia stempu za kwao zenye muhuri wa LAMU/OSTAFRIKA. Bahasha halisi yenye muhuri huo sitaimudu, bei yake ni kubwa. Mwenye nayo akinipa picha safi, pande zote mbili za bahasha, nitaiweka mwanzoni mwa ukurasa, na jina lake nitaliandika chini yake akiridhia.