Tsu-meri imekubali: filimbi ilikuwa inanifuata

Imetoka! Jana usiku tsu-meri ya oktava ya chini, noti ngumu ya shakuhachi (filimbi ya mwanzi ya Kijapani), imetoka nzima mara kumi na moja mfululizo. Miezi minane nimehangaika na noti hii moja.

Wapiga shakuhachi wenzangu mnaijua. Tundu la kwanza unaliziba kiasi, kidevu kinashuka, na sauti inateremka hadi karibu kabisa na ro (noti ya chini kabisa, matundu yote yakizibwa) bila kuzimika. Yangu ilikuwa ama hai lakini juu kwa senti 30 au 40 (senti mia ni nusu toni), ama imeshuka vizuri lakini upepo mtupu. Nilibadili midomo, nikapunguza pumzi, nikaziba tundu zaidi. Nilishusha kichwa mpaka shingo ikauma usiku. Wajapani husema kutikisa shingo ni miaka mitatu. Mimi niko wa saba, na kuna siku nililia.

Aliyeniokoa ni mwanafunzi wangu, mama mtu mzima anayejifunza kwa bomba la PVC nililomtoboa mwenyewe. Jumamosi, nikimwonyesha meri (kushusha kidevu ili sauti ishuke), akasema taratibu: "Sensei (mwalimu), mbona filimbi nayo inainama?"

Nikatazama kioo. Kweli! Kila kichwa kikishuka, mikono inavuta kitako cha mwanzi kuja kifuani. Pembe kati ya mdomo na ukingo wa utaguchi (sehemu ya kupulizia) haibadiliki hata kidogo. Miezi minane nilikuwa nainama na filimbi yangu kama watu wawili wanaosalimiana.

Basi nikaegemeza kitako kwenye ukingo wa meza kisiende popote, nikasogeza shingo tu. Ikashuka, nyembamba, nyeusi, lakini hai.

Na programu ya kupimia sauti nimeifuta kwenye simu. Kwa wanaoanza inafaa, lakini kwenye honkyoku (nyimbo za kale za shakuhachi) tsu-meri hukaa chini kuliko mi-bemoli ya piano, kwa hiyo ile taa ya kijani ilikuwa inanifundisha kosa. Sasa naacha ro ilie kwenye spika, nasikiliza mwachano wa sauti mbili.

Leo nilipanga kumalizia dueti ya shakuhachi na koto (ala ya nyuzi ya Kijapani) kwa onyesho la wanafunzi. Imebaki kwenye mstari wa 14. Mwanzi ukiwa bado mezani niliteleza kutoka tsu-meri hadi ro kwa pumzi moja, polepole, na katikati ya njia kuna mahali sauti inatetemeka kabla ya kutua. Nimekaa hapo saa tatu nzima. Sasa ni kipande kipya, pumzi tisa, nimekiandika kwa katakana (herufi za Kijapani) kutoka juu kwenda chini, maana noti za mistari mitano hazina alama ya kidevu.

Jioni nimejaribu bila meza: sita kati ya kumi. Nimepitisha kitambaa, umande mwingi umetoka, nikairudisha filimbi kwenye mfuko wa plastiki. Hita ya chumba hiki cha Kyoto inakausha sana, na mwanzi huu ukipasuka sasa sitajisamehe.